Kuelekeza Upya Makatizo ya Vifaa Ndani ya Mashine Pepe: Mwongozo Kamili kwa VT-d, KVM na QEMU

Ukitafuta namna ya kumpa mgeni kadi halisi ya mtandao au ya picha, utakutana na ushauri uleule kila pahali: weka `allow_unsafe_interrupts=1`, washa mashine upya, kazi kwisha. Mashine pepe inawaka, kadi inaonekana, kila mtu anafurahi. Onyo limeandikwa wazi kwenye jina la chaguo lenyewe, lakini watu wanalibandika bila kuuliza ni nani atakayeumia.

Hapa tutakwenda njia ndefu. Tutajenga maabara ambayo mgeni ana jedwali lake la kuelekeza makatizo, tutasoma kinachoandikwa kwenye vifaa biti kwa biti, kisha tutaandika hatua ambazo kerneli yako mwenyewe inapaswa kufuata. Mwishoni tutarudi kwa mwenyeji na kifaa halisi, tuone chaguo lile linafungua mlango gani.

Mwenyeji ni mashine halisi inayoendesha haipavaiza (programu inayosimamia mashine pepe), mgeni ni mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe. Mifano yote ni ya Intel VT-d (teknolojia ya Intel ya kudhibiti kumbukumbu na makatizo ya vifaa) juu ya KVM (haipavaiza iliyo ndani ya Linux) na QEMU (programu inayoigiza vifaa vya mashine pepe), kwa sababu maabara hiyo inajengeka kwenye laptopu ya kawaida. AMD wana AMD-Vi. Wazo ni lilelile, sura ya majedwali ndiyo tofauti.

Katizo ni maandishi tu

Katizo ni ishara ya kifaa kuiita prosesa. Zamani kifaa kilivuta waya ili prosesa igeuke. Tangu PCI 2.2 kuna MSI: kifaa kinaandika namba ya biti 32 kwenye anwani inayoanza na 0xFEE, na mashine inageuza maandishi hayo kuwa katizo. MSI-X ni utaratibu huohuo, ila jedwali la anwani na data linakaa ndani ya kifaa chenyewe na linaweza kufika maingizo 2048.

Chukua anwani 0xFEE02000 na data 0x0041. Biti ya 19 hadi ya 12 za anwani ni namba ya APIC (kidhibiti cha makatizo cha kila prosesa) inayopelekewa, yaani 2. Biti ya 7 hadi ya 0 za data ni vekta, namba inayoiambia prosesa katizo ni lipi, yaani 0x41. Basi. Kifaa kimesema "gonga mlango wa prosesa namba 2, ukitaja 65", na mlango umegongwa.

Ubovu wake ni wa aina mbili. Nafasi ya namba ya prosesa ni biti 8 tu, kwa hiyo prosesa yenye namba ya APIC kubwa kuliko hapo haifikiki. Ubovu wa pili ni mbaya zaidi: kifaa chochote kinachoweza kuandika kwenye kumbukumbu kinaweza kuandika kwenye 0xFEE, kikiwa na vekta yoyote. Ulinzi wa kawaida wa DMA (kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa) hausaidii, maana maandishi ya eneo hilo hayahesabiwi kuwa ya kumbukumbu. Yanachepushwa kabla ya kufika kwenye kurasa zinazolindwa. Mwaka 2011 Rafał Wojtczuk na Joanna Rutkowska walionyesha kwamba mgeni aliyekabidhiwa kifaa anaweza kukiamuru kirushe makatizo ya vekta anazotaka yeye, na kwa njia hiyo akamshika haipavaiza. Udhaifu huo ulisajiliwa kama CVE-2011-1898.

Dawa yake inafanana sana na sanduku la posta. Anayekuandikia barua hajui nyumba yako, anajua S.L.P. tu. Daftari la nani ana sanduku gani linakaa posta. Ukihama mtaa, barua zinaendelea kufika bila kuwajulisha wote wanaokuandikia. Katika muundo mpya kifaa kinaandika namba ya ingizo, na IOMMU, kidhibiti kinachokaa kati ya vifaa na mashine, ndiyo inayofungua jedwali lake na kusoma: vekta hii, prosesa ile, na anayeruhusiwa kutumia ingizo hili ni kifaa fulani peke yake.

Hatua ya 1: Jenga maabara

Kwa sehemu hii mwenyeji hahitaji VT-d. IOMMU tutakayoitumia imeigizwa na QEMU, kwa hiyo KVM inatosha.

```
qemu-system-x86_64 \
  -machine q35,accel=kvm,kernel-irqchip=split \
  -cpu host -smp 4 -m 4G \
  -device intel-iommu,intremap=on \
  -drive file=maabara.qcow2,if=none,id=d0 \
  -device ide-hd,drive=d0,bus=ide.0 \
  -netdev user,id=n0 -device e1000e,netdev=n0
```

Kila neno la hapo juu lina sababu. `q35` ni kwa kuwa IOMMU hii inakaa kwenye chipseti ya aina hiyo. `intel-iommu` itangulie vifaa vingine. Jizoeze hivyo mapema, kwani siku utakapoongeza kifaa halisi mpangilio huo utakuwa na maana.

Neno linalowasumbua wengi ni `split`. Kwa kawaida KVM inaiga vidhibiti vyote vya makatizo ndani ya kerneli ya mwenyeji, IOAPIC (kidhibiti kinachopokea makatizo ya waya kupitia pini) ikiwemo. Lakini jedwali la mgeni linasomwa na QEMU, na QEMU ni programu ya kawaida iliyo nje ya kerneli. IOAPIC iliyo kerneli haina habari ya jedwali hilo. `split` inagawa kazi: APIC ya kila prosesa inabaki kerneli, kwa ajili ya kasi, IOAPIC inahamia QEMU. QEMU inatafsiri ujumbe kupitia jedwali la mgeni, kisha inaipa KVM njia iliyokwisha kutafsiriwa. Ukiweka `kernel-irqchip=on` pamoja na `intremap=on`, QEMU itagoma kuwaka na itakuambia utumie `split` au `off`.

Hatua ya 2: Soma kabla ya kugusa

Weka Linux ndani ya mgeni kwanza, hata kama lengo lako ni kerneli yako mwenyewe. Hiyo ndiyo rula utakayopimia kazi yako.

```
dmesg | grep -e DMAR -e DMAR-IR
grep IR- /proc/interrupts
```

Unatafuta mstari unaosema `DMAR-IR: Enabled IRQ remapping in x2apic mode`, au `xapic mode`. Kwenye `/proc/interrupts` majina ya vidhibiti yataanza na `IR-`, mfano `IR-IO-APIC` na `IR-PCI-MSI`. Kama IR haipo hapo, haipo. Usidanganywe na mstari wa `DMAR: IOMMU enabled`, huo unazungumzia DMA. Vitu hivi viwili vinawashwa kila kimoja kivyake, na makatizo yanaweza kuelekezwa upya hata bila `intel_iommu=on`.

Sasa tazama `ecap`, rejista ya uwezo wa ziada wa IOMMU, kwenye mistari ya DMAR. Kwenye mashine halisi nyingi utaona kitu kama `ecap f010da`. Chukua baiti ya mwisho, 0xda, iandike kwa mfumo wa mbili: 1101 1010. Ukihesabu kutoka kulia ukianza na sifuri, biti ya 1 ikiwa moja, foleni ya amri ipo. Biti ya 3: kuelekeza makatizo kupo. Biti ya 4: namba za APIC za biti 32 zinakubalika. Zote tatu ni moja, kwa hiyo chuma chenyewe kiko tayari, na tatizo lako, kama lipo, limekaa kwenye BIOS au kwenye kerneli.

Halafu tazama kidhibiti cha diski:

```
sudo lspci -vv -s 00:1f.2 | grep -A1 MSI
```

Tuseme umepata `Address: 00000000fee002d8 Data: 0000`. Data sifuri! Vekta imekwenda wapi? Gawanya 0x2d8: biti ya 4 ni moja, ndiyo alama ya muundo mpya. Biti ya 3 ni moja, maana yake data iongezwe kwenye namba ya ingizo, na hapa ni sifuri. Biti zilizobaki juu yake, 0x2d8 ikisogezwa kulia mara tano, zinatoa 22. Diski hii haijui vekta wala prosesa. Inajua S.L.P. 22 na si zaidi.

Kama kerneli ya mgeni ilijengwa na `CONFIG_INTEL_IOMMU_DEBUGFS`, fungua `/sys/kernel/debug/iommu/intel/ir_translation_struct` ukalione ingizo la 22 lenyewe. Mimi husoma faili hili kabla ya kitu kingine chochote pale katizo linapopotea.

Hatua ya 3: Washa kutoka kerneli yako

Hapa ndipo penye kazi, na mpangilio wa hatua ni kila kitu. Kabla hujaanza, ziba pini zote za IOAPIC na PIC ya zamani. Ukishawasha, ujumbe wa muundo wa zamani unazuiwa, na katizo lililokuwa njiani litaishia kwenye logi ya makosa badala ya kukufikia.

Tafuta jedwali la ACPI (taarifa ambazo BIOS inaipa kerneli kuhusu mashine) liitwalo DMAR. Baiti ya 37 ni bendera: biti ya 0 ikiwa sifuri, BIOS inasema kuelekeza makatizo hakupo, ishia hapo. Vipande vya ndani vinaanza baiti ya 48. Kipande cha aina 0 ni DRHD, nacho kina anwani ya rejista za IOMMU moja. Kwenye QEMU utakuta 0xfed90000. Weka ramani ya ukurasa huo bila kache, soma ECAP kwenye nafasi 0x10, hakiki zile biti tatu.

Rejista ya amri, GCMD, iko 0x18, na ya hali, GSTS, iko 0x1c. GCMD haisomeki ukapata ulichoandika. Unachukua hali, unaondoa biti za kazi ya mara moja, unaongeza yako, unasubiri:

```
static void amri(volatile uint8_t *r, uint32_t biti)
{
    uint32_t hali = soma32(r + 0x1c) & 0x96ffffff;
    andika32(r + 0x18, hali | biti);
    while (!(soma32(r + 0x1c) & biti))
        pumzika();
}
```

Kinyago 0x96ffffff kinaondoa biti za 30, 29, 27 na 24. Ukikisahau, utakapowasha kitu kipya utajikuta umerudia amri ya zamani bila kukusudia. Kosa hilo halipigi kelele.

Tanguliza foleni ya amri, kwa sababu kache ya makatizo haifutiki kwa njia nyingine. Tenga ukurasa mmoja wa KB 4, unaotosha amri 256 za baiti 16. Andika sifuri kwenye mkia wa foleni, nafasi 0x88. Andika anwani ya ukurasa kwenye 0x90. Kisha `amri(r, 1u << 26)`.

Tenga jedwali. Kila ingizo ni baiti 16. Linux inatenga maingizo 65536, yaani MB 1 kwa kila IOMMU. Kwa maabara 256 yanatosha, ukurasa mmoja. Lisafishe lote liwe sifuri. Rejista ya jedwali iko 0xb8: anwani, pamoja na biti ya 11 kama unatumia x2APIC (APIC yenye namba za biti 32), pamoja na ukubwa kwenye biti nne za chini. Ukubwa unaandikwa kama X ambapo idadi ni 2 kwa kipeo cha X+1, kwa hiyo 256 ni 7, na 65536 ni 15. Watu wengi huandika 8 hapa. IOMMU itakubali bila kunung'unika, itadhani jedwali lina maingizo 512, na ukurasa wa jirani utasomwa kama maingizo.

Kisha, kwa mfuatano huu na si mwingine:

```
andika64(r + 0xb8, jedwali | (1u << 11) | 7);
amri(r, 1u << 24); /* Pokea jedwali */
futa_kache_yote();
amri(r, 1u << 25); /* Anza kuelekeza */
```

`futa_kache_yote` inaweka amri mbili kwenye foleni. Ya kwanza ni 0x4 kwenye nusu ya chini na sifuri juu: futa kache yote ya maingizo. Ya pili ni ya kusubiri: nusu ya chini ni 0x25 pamoja na namba yako kwenye biti za 63 hadi 32, nusu ya juu ni anwani ambako IOMMU itaandika namba hiyo ikimaliza. Sogeza mkia, kisha subiri namba ionekane. Usiondoke hapo kabla haijaonekana.

Hatua ya 4: Jaza ingizo moja kwa mkono

Tunataka diski iliyo 00:1f.2 iguse prosesa yenye namba ya APIC 2 kwa vekta 0x41. Nusu ya chini ya ingizo: biti ya 0 ni "lipo", biti za 23 hadi 16 ni vekta, biti za 63 hadi 32 ni prosesa. Inatoka hivi:

```
chini = 0x0000000200410001
juu   = 0x00000000000400fa
```

Hiyo ni kwa x2APIC. Kama hukuwasha biti ya 11, namba ya prosesa inakaa biti za 47 hadi 40, na nusu ya chini inakuwa 0x0000020000410001. Nimeona kerneli ikifanya kazi vizuri kwa wiki nzima kwa sababu makatizo yote yalikwenda prosesa 0, ambako sifuri ni sifuri popote utakapoiweka. Jaribu na prosesa ambayo si sifuri, siku ya kwanza.

Nusu ya juu ndiyo ulinzi wenyewe. 0xfa ni utambulisho wa kifaa: basi 0, kifaa 0x1f kikisogezwa mara tatu, jumlisha kazi ya 2. Ile 4 iliyo mbele ni biti ya 18 ya nusu hiyo, inayosema hakiki mtumaji. Ukiiacha sifuri, kifaa chochote kinachoweza kutaja namba ya ingizo kitalitumia, na utakuwa umejenga posta isiyoangalia barua imetoka kwa nani. Linux ina chaguo `intremap=nosid` linalozima ukaguzi huo. Liache.

Andika nusu ya juu kwanza, kisha ya chini, ili biti ya "lipo" iwe ya mwisho kuonekana. Biti ya 0 ya ECAP ikiwa sifuri, IOMMU haisomi kache ya prosesa, kwa hiyo sukuma mstari huo kwa `clflush`. Baada ya hapo ndipo unaandika MSI ya kifaa: 0xFEE00000, ongeza namba ya ingizo ikisogezwa kushoto mara tano, ongeza 0x18, data sifuri.

IOAPIC, yenye tabia zake

Pini za IOAPIC nazo zinatumia jedwali hili. Namba ya ingizo inakaa biti za 63 hadi 49 za rejista ya pini, na biti ya 48 ndiyo alama ya muundo mpya. Mtumaji wake hautamkuta kwa kuorodhesha vifaa vya PCI. Anatajwa ndani ya DRHD kwenye DMAR. Kwenye QEMU ni basi 0xff, kifaa 0, yaani 0xff00.

Shida ni makatizo ya kiwango, yale yanayobaki yamewaka hadi uyakiri. IOAPIC inalinganisha vekta iliyokiriwa na vekta iliyoandikwa kwenye pini yake, wakati vekta ya kweli sasa iko kwenye jedwali. Zisipolingana, pini inabaki imefungwa na kifaa kinanyamaza milele. Una njia mbili: weka vekta ileile pande zote, au fanya kama Linux, inayoweka namba ya pini kwenye nafasi ya vekta na kuikiri IOAPIC moja kwa moja kwenye rejista yake ya EOI. Ya pili ni nzuri zaidi, kwani ukihamisha katizo huigusi IOAPIC tena.

Hatua ya 5: Hamisha katizo bila kulipoteza

Bila jedwali, kuhamisha MSI ni kubadili anwani na data kwa maandishi mawili tofauti. Kifaa kikirusha katizo katikati ya hayo mawili, linakwenda prosesa mpya kwa vekta ya zamani. Linux ilibidi iongezewe kinga maalumu dhidi ya hali hiyo mwaka 2020, kwa ajili ya vifaa visivyoweza kuzibwa. Ukiwa na jedwali unabadilisha nusu moja ya biti 64 kwa pigo moja, na kifaa hakijui kama umehama.

Lakini lazima ufute kache ya ingizo hilo: amri ya 0x14 pamoja na namba ya ingizo ikisogezwa mara 32, ikifuatiwa na ile ya kusubiri. Ndani ya mashine pepe jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa kifaa ambacho makatizo yake yanapita KVM moja kwa moja, kama kifaa halisi aliyokabidhiwa mgeni, QEMU ilikwisha kuipa KVM njia iliyotafsiriwa, na haitazami jedwali lako kwa kila katizo. Ufutaji wa kache ndio kengele inayoiambia itafsiri njia upya. Usipofuta, katizo la kifaa kama hicho litaendelea kwenda prosesa ya zamani, wakati jedwali lako, ukilisoma, liko sahihi kabisa.

Hatua ya 6: Soma makosa

Kerneli ya Linux inachapisha mistari ya `INTR-REMAP` yenye namba ya sababu. Kerneli yako isome rejista ya 0x34 na ifanye vivyo hivyo. Matoleo ya zamani yanachapisha kwa mfumo wa kumi, mapya kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 34 na 0x22 ni kitu kimoja.

0x21 ni namba ya ingizo kupita ukubwa wa jedwali. 0x22 ni ingizo lisilo na biti ya "lipo": aghalabu umefuta ingizo kabla ya kukinyamazisha kifaa. 0x25 ni ujumbe wa muundo wa zamani uliozuiwa. Kuna kifaa umekisahau. 0x26 ni mtumaji asiyelingana, na huyo mtafute vizuri: daraja la PCI la zamani hutuma kwa jina lake badala ya jina la kifaa kilicho nyuma yake, ila pia inaweza kuwa kifaa kinachojaribu sanduku la mwenzake.

Tahadhari moja kuhusu 0x25. Matoleo mengi ya QEMU yanaruhusu ujumbe wa muundo wa zamani upite tu. Kifaa ulichokisahau kitafanya kazi maabara, kisha kitakufa kwenye chuma.

Kifaa halisi mkononi mwa mgeni

Sasa rudi kwa mwenyeji. Kagua kwanza kwamba yeye mwenyewe anaelekeza makatizo, kwa amri zilezile za Hatua ya 2. Kama hapana, VFIO (sehemu ya Linux inayomkabidhi mgeni kifaa halisi) itakataa na logi itasema `No interrupt remapping support`, ikikutajia lile chaguo letu la mwanzo. Hapo wengi hulikubali. Mimi niliwahi kuhangaika na kompyuta ya mtumba ambayo chipseti yake ilikuwa na kila kitu, lakini logi ilisema `ioapic 2 has no mapping iommu, interrupt remapping will be disabled`: BIOS ilisahau kuiorodhesha IOAPIC kwenye DMAR. Toleo jipya la BIOS lilimaliza shida kwa dakika kumi. Kuna pia chipseti za Intel 5500, 5520 na X58 za toleo la awali ambazo zina kasoro ya kuzaliwa katika eneo hili, na Linux inazima huduma hii kwa makusudi. Hizo usizibembeleze, usimpe mgeni usiyemwamini kifaa juu yake.

Mambo yakiwa sawa, mgeni anapoandika kwenye jedwali la MSI-X la kadi, maandishi yake hayafiki kwenye kadi. QEMU inayanasa. Kerneli ya mwenyeji ndiyo inayoandika kwenye kadi halisi, ikitumia namba ya ingizo la jedwali lake yenyewe. Katizo likipigwa linafika kwa mwenyeji, utaliona kwenye `/proc/interrupts` kwa jina kama `vfio-msix[0](0000:01:00.0)`, kisha linapelekwa KVM na kuingizwa kwa mgeni. Namba 22 ya mgeni na namba yoyote ya mwenyeji hazina undugu. Nimeona watu wakizilinganisha hadi usiku wa manane.

Kama mgeni huyo naye ana `intel-iommu`, ongeza `caching-mode=on`, la sivyo mwenyeji hatajua mgeni amebadili ramani zake za DMA.

Prosesa za seva zinaongeza njia ya mkato: ingizo la mwenyeji halitaji vekta, linaelekeza kwenye kijisanduku cha baiti 64 chenye biti 256, moja kwa kila vekta ya mgeni. IOMMU inawasha biti hapo, na mgeni akiwa anaendesha anapokea bila kutoka kwenda kwa haipavaiza. Faili la `ir_translation_struct` la mwenyeji lina sehemu yake maalumu kwa maingizo ya aina hiyo.

Je, unalihitaji jedwali la mgeni?

Mgeni mwenye prosesa chache na vifaa vya virtio tu (vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe) halihitaji. Litamwongezea uzito bure. Sababu za kweli ni mbili: mgeni anayetaka kugawa vifaa vyake kwa wageni wa ndani yake, na mgeni mwenye prosesa zaidi ya 255. Kwa huyo wa pili kuna njia nyepesi. Tangu Linux 5.11, KVM inaweza kumtangazia mgeni kwamba biti saba za anwani ya MSI zilizokuwa hazitumiki zinabeba sehemu ya juu ya namba ya APIC, na biti 15 zinafikisha namba 32768 bila IOMMU. Kwa Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, Linux ina kiendeshi chake kidogo tangu 5.1 kinachojitambulisha kama IOMMU ili tu makatizo ya IOAPIC yasipelekwe kwa prosesa zisizofikika.

Jaribio la kumalizia

Washa kazi nzito ya diski ndani ya mgeni wako, kisha zungusha katizo lake kati ya prosesa nne kila nusu sekunde. Kwenye Linux ni kuandika 0, 1, 2, 3 kwa zamu kwenye `/proc/irq/N/smp_affinity_list`, ambapo N ni namba ya katizo la diski. Kwenye kerneli yako ita kazi uliyoiandika katika Hatua ya 5. Hesabu za prosesa zote nne zipande kwa zamu, na diski isisimame hata mara moja.

Kisha, kwenye kerneli yako, ondoa kwa makusudi ule mstari wa kufuta kache na urudie. Kwa diski hii iliyoigizwa huenda usione tofauti, kwa sababu QEMU inalisoma jedwali lako kila inapotuma katizo lake, lakini kwenye kifaa halisi aliyokabidhiwa mgeni, au kwenye chuma, hesabu inaweza kuendelea kupanda kwenye prosesa ya zamani. Kwa hiyo kufaulu maabara bila kufuta kache si ruhusa ya kuuacha mstari huo. Irudishe ile amri.